Soli

Nionyeshe kisigino, nitakwambia unakaa wapi.
Kilicholika nyuma ni cha mtu wa juu,
wa zile ngazi mia na kumi na saba:
kila asubuhi anateremka akijizuia
kama punda aliyepakiwa chupa.
Kilicholika ubavuni ni cha Zauri, mwoka mikate.
Miaka thelathini ameinamia shimo la tanuri,
mguu mmoja chini, mmoja hewani,
akibandika unga ukutani kama mtu anayetia saini.

Kibanda changu kiko chini ya ardhi nusu,
mtaa wa Sololaki, Tbilisi.
Dirisha limekaa usawa wa barabara, kwa hiyo sioni nyuso.
Naona miguu ikipita,
na tangu nirithi nyundo hii sijakosea jina.

Mwenda pole hajikwai,
husema watu wa barabara tambarare.
Kwetu mwenda pole naye hujikwaa.
Mawe yameota kama meno ya mtoto,
kila moja kwa siku yake.

Nyumba imeegemezwa vyuma.
Ufa ulianzia kwa Lamara, orofa ya tatu,
ukapita nyuma ya picha ya harusi yake,
ukashuka hadi kwangu kuchungulia ninakula nini.
Mhandisi wa manispaa alikuja, akaupima kwa rula,
akaandika, akala jozi za Lamara
(jozi za kutafuna, si zangu za kushona),
akaenda zake.
Ufa ukabaki, ukasikiliza.

Bomba ni moja, uani.
Mzabibu ni mmoja, umepanda hadi paani,
na kila Septemba tunagombana:
zabibu ni za aliye na mzizi au za aliye na tawi?
Hatujaamua. Tunazila huku tukigombana.

Na Mzevinar, wa orofa ya pili, mwalimu wa piano:
viatu vyeusi, namba thelathini na nane,
soli ya kulia imechimbika mbele, duara kama sarafu,
pale mguu unapokanyaga kanyagio.
Mwanawe Irakli alimnunulia nyumba kwenye minara mipya.
Lifti. Mlinzi. Maegesho.
Kuta zisizo na ufa hata wa kupitisha habari.
Wiki ya kuhama nilimtilia soli mpya.
Piano ilikataa kupita kwenye ngazi za mzunguko,
wakaiacha, wakaifunika shuka.

Miezi kumi na minne.

Juzi gari lilisimama pembeni, kwa kuwa halipiti huku,
na miguu ikaja kwa wasiwasi, ikipapasa mawe.
Nikasema moyoni: mgeni.
Nikakosea.

Aliviweka juu ya meza, viatu vile vile.
Nikavigeuza.
Namba niliyoandika kwa penseli ilikuwa bado inasomeka.
Hata vumbi la kushika kidole hapana.
"Hazijalika," nikasema.
"Ndio ugonjwa wenyewe," akasema.

Mimi si mtu wa maneno. Nilipiga msumari mmoja
mahali ambapo hapakuhitaji msumari,
nikamwambia kazi ni kubwa, arudi Alhamisi,
nikampa ndara zangu za akiba, kubwa kama mitumbwi.

Hakwenda kwenye gari.
Nilizisikia ndara, pwata, pwata, zikipanda kwa Zauri,
zikisimama kubishana bei ya mkate,
zikirudi, zikipita dirishani na makombo yakidondoka,
zikiingia uani, zikikwea.
Halafu juu ya kichwa changu shuka likavutwa,
na ule ufa, mmbeya wetu,
ukaniletea wimbo wenye noti moja iliyokufa katikati,
akiiruka kila mara
kama mtu anayelijua jiwe bovu la mtaa wake.

Alhamisi alikuja, jasho usoni, mkate kwapani.
"Viko tayari?"
Vilikuwa rafuni, vinang'aa.
"Jumatatu," nikamwambia.